Konzi Moja Si Gunia: Jinsi Mahindi Yanavyopimwa Sumu

Mwaka huu nilipoambiwa nilete makala, nilitaka kuandika shairi la mapenzi kama wenzangu. Lakini kuna jambo lililotokea nyumbani kwetu, hapa hapa Kangundo, ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile, na nikaona afadhali niwaeleze hilo. Jambo lenyewe ni gunia la mahindi. Tafadhali usifungue ukurasa wa vichekesho kwanza. Mahindi haya huenda ndiyo uliyokula leo saa saba.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka jana, baada ya mavuno ya mvua za vuli. Nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, alikuwa na magunia matatu ya kuuza. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake tayari, maana karo yangu ya muhula ilikuwa haijakamilika. Akaja mnunuzi mmoja na pikapu. Wanunuzi wengi huja na mizani peke yake, lakini huyu alikuwa na kijana aliyebeba sanduku la plastiki. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo ya kusaga, chupa, vikombe, na vijikaratasi vyembamba kama kijiti cha kiberiti kilichobapishwa. Kijana akatoa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachodungwa kwenye gunia na kutoka na nafaka, akaanza kudunga: juu, katikati, chini, pembeni. Gunia la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu, kimashine chake kikaandika 38.

"Mwaitu, hili siwezi kulichukua," akasema kwa adabu. "Mwisho ni kumi."

Susu hakuelewa, na mimi pia sikuelewa. Mahindi yalitoka shamba moja, siku moja, yakaanikwa kwenye turubai moja. Susu akafungua mdomo wa gunia, akachota konzi moja safi, meupe, punje zimejaa kama meno ya mtoto. "Haya, pima haya!" Kijana hakubishana. Akayasaga, akayapima. Kimashine kikaandika 3.

Hapo ndipo palipozuka kelele. Susu alisema mashine ni ya uongo na kwamba wanunuzi wana njama ya kushusha bei. Jirani zetu waliokuwa wakitazama wakacheka. Mnunuzi akalipa magunia mawili, akaondoka. Nami nikabaki na swali moja: inawezekanaje gunia moja liwe na 38 na pia 3? Nililibeba swali hilo hadi kwa mwalimu wetu wa kemia, na mengi yatakayofuata hapa niliyapata kwake na katika vitabu alivyoniazima.

Kwanza sumu yenyewe. Inaitwa aflatoksini, au sumukuvu kwa Kiswahili. Hutengenezwa na ukungu aina ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, na jina la sumu limetokana na jina hilo. Ukungu huu unaishi udongoni. Huingia kwenye mahindi na njugu yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame mimea ikiwa imedhoofika, na huendelea kuzaana ghalani kama nafaka haikukauka vizuri. Ulimwengu uliijua sumu hii kwa sababu ya ndege. Mwaka wa 1960 kule Uingereza zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hata ukaitwa ugonjwa X. Chakula chao kilikuwa kimechanganywa na mashudu ya njugu kutoka Brazil, na sumu ikapatikana humo.

Sisi watu wa Machakos hatukuhitaji kusoma habari za batamzinga. Mwaka wa 1981 wagonjwa 20 wa wilaya hii walilazwa wakiwa na ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yenye sumu hii, na 12 kati yao walifariki. Kisha ukaja mwaka wa 2004. Huo Susu anaukumbuka vizuri, na hata sasa akiutaja hushusha sauti. Watu 317 waliugua katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 wakafariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo lilivimba, mtu alitapika, na kwa kuwa ni ini linaloharibika, hakukuwa na dawa ya kuondoa sumu hiyo mwilini. Wataalamu walikusanya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko ya wilaya hizo nne. Zaidi ya nusu zilikuwa zimepita kikomo cha wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilikuwa zimepita 1,000. Waligundua pia kwamba familia nyingi zilizougua zilikuwa zimeweka mahindi mabichi-mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Susu anaeleza kwa nini: kulikuwa na njaa, na mtu mwenye mahindi alilala nayo chumbani ili yasiibwe.

Leo kikomo cha Kenya ni sehemu 10 katika bilioni kwa jumla ya aflatoksini zote. Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Sehemu 10 katika bilioni ni mikrogramu 10 katika kilo moja. Gunia la kilo 90 linaruhusiwa kuwa na mikrogramu 900 tu, yaani hata miligramu moja haifiki. Kidonge kimoja cha paracetamol kina miligramu 500 za dawa. Kama kidonge hicho kingekuwa aflatoksini tupu, kingetosha kufikisha magunia zaidi ya 550 kwenye kikomo. Kitu kidogo namna hiyo huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja. Ukungu wa kijani unauona, kweli, lakini ukungu unaweza kufutika na sumu ikabaki. Na mahindi meupe pepepe yanaweza kuwa nayo.

Sasa kile kijikaratasi kinaonaje kitu ambacho macho hayaoni? Wengi wetu tumewahi kupimwa malaria katika zahanati. Unadungwa kidole, damu inawekwa kwenye kifaa, mnangoja mistari. Mstari mmoja, huna malaria, miwili, unayo. Kijikaratasi cha mahindi ni ndugu ya kile, ila kinasema kinyume. Mistari miwili ni heri. Mstari mmoja ni shari. Nilipoambiwa hivyo nilidhani mwalimu amekosea.

Ni hivi. Mahindi husagwa kabisa, kisha sehemu ya unga hutikiswa katika maji maalumu yanayotoa sumu kwenye unga. Vipimo vingi hutumia methanoli asilimia 70 (ndiyo ile inayopofusha watu wakiuziwa katika pombe haramu, kwa hiyo usiisogelee), ingawa vya siku hizi vingine hutumia maji tu. Maji hayo yakichujwa, kijikaratasi huchovywa humo, nayo hupanda taratibu kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Njiani yanakutana na vijichembe vilivyopakwa rangi, vilivyounganishwa na kingamwili zinazojua kushika aflatoksini na si kitu kingine.

Wafikirie kingamwili hao kama vijana wa mizigo wanaopita sokoni Tala siku ya soko. Kwenye mstari wa kwanza wa karatasi kumefungwa kamba, na kamba hiyo imetengenezwa kwa aflatoksini. Kama mahindi ni safi, vijana wanafika mikono mitupu, wanaishika kamba, wanajazana pale, na rangi yao inaonekana kama mstari. Lakini kama mahindi yana sumu, vijana wameshabebeshwa mizigo njiani. Mikono imejaa. Hawawezi kushika kamba, wanapita tu, na mstari hauonekani. Mbele kidogo kuna mstari wa pili ambao huwadaka vijana wote, wenye mizigo na wasio na mizigo. Huo lazima utokee kila mara. Usipotokea, karatasi ni mbovu, tupa. Kadiri sumu inavyozidi ndivyo mstari wa kwanza unavyofifia, na kile kimashine cha yule kijana kazi yake ni kupima kufifia huko na kukupa tarakimu. Karatasi yenyewe humaliza kazi kwa dakika chache. Mashine kubwa za maabara ni sahihi zaidi na hutumiwa kuthibitisha, lakini zinahitaji umeme, wataalamu na siku za kungoja, na pikapu haliwezi kungoja kwa Susu siku tatu.

Kwa hiyo mashine haikuwa ya uongo. Basi mbona 38 na 3?

Mwalimu alinipa hesabu nikaifanye nyumbani. Punje moja ya mahindi ina uzito wa gramu 0.3 hivi. Gunia la kilo 90 lina punje kama 300,000. Sumukuvu haitapakai sawasawa kama chumvi iliyoyeyuka kwenye supu. Hukaa katika punje chache zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka au zilizolowa, na punje hizo huwa na sumu ya kupita kiasi. Watafiti wamewahi kupata punje moja ya mahindi yenye sehemu 400,000 katika bilioni. Punje kama hiyo ina mikrogramu 120 peke yake. Gawanya 900 kwa 120. Unapata 7.5. Yaani punje nane za namna hiyo, kati ya 300,000, zinatosha kulipitisha gunia zima kikomo.

Sasa chota konzi. Konzi moja ni kama gramu 60, punje 200. Gunia zima lina makonzi 1,500. Kama punje mbaya nane zimetawanyika kila moja kwake, makonzi 1,492 ni safi kabisa, na makonzi manane, ukiyapima, yatasoma 2,000. Hakuna hata konzi moja litakalosoma 10! Mwalimu alinionya kwamba huo ni mfano wa kupindukia na kwamba kwa kawaida sumu hutawanyika zaidi kidogo ya hapo. Lakini nilipoandika tarakimu hizo kwenye daftari nilinyamaza. Susu alikuwa sahihi kwamba konzi lake ni safi. Kijana naye alikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba mmoja alipima konzi na mwingine alijaribu kupima gunia.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii husema kosa kubwa halitokani na karatasi, linatokana na mkono unaochota. Wenye haraka huchota juu, maana juu ndiko rahisi. Kupima kwa haki ni kudunga bambo sehemu nyingi, hadi chini kabisa, kuchanganya yote, na kusaga yote kabla ya kuchukua kile kiasi kidogo cha kupima, ili punje moja mbaya isambae katika unga wote na isiweze kujificha. Ukichagua punje nzuri kwanza halafu ukasaga, umepima uchaguzi wako.

Nitataja haraka vipimo vingine maana naviona vikichanganywa. Wapo wanaotumia taa ya mwanga wa urujuanimno gizani. Mahindi yaliyovunjwa yaking'aa rangi ya kijani-manjano, kuna dalili kwamba ukungu ulipita. Ni dalili tu, si ushahidi, na yasipong'aa hujapona. Kipo pia cha chumvi, ambacho nimekifanya mwenyewe na kinagharimu karibu bure. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu robo ya chupa, ongeza mahindi hadi nusu, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na bado yanahitaji jua. Ghala linataka asilimia 13.5 au chini yake. Kumbuka chumvi inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi makavu yanaweza kuwa na sumu ya tangu shambani.

Turudi nyumbani. Susu alisema, "Tutachemsha." Hilo ndilo jibu la kila mtu, nami nilimwambia kwa heshima kwamba halisaidii. Maji huchemka kwa digrii 100, na aflatoksini hustahimili moto kupita digrii 200. Isyo inaweza kutokota jikoni tangu asubuhi hadi jioni na sumu bado imo. Muthokoi ni afadhali kidogo, kwa sababu kukoboa kunaondoa ganda na kiini ambako sumu nyingi hukaa, lakini afadhali si salama, na yale makapi tunayowatupia kuku ndiyo yamebeba sumu iliyotoka. Ukimpa ng'ombe mahindi hayo, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Nilijaribu kutafuta mlango wa kutokea kwa sababu karo ilikuwa yangu, lakini kila mlango ulikuwa na mtu anayekula upande wa pili.

Siku tatu baadaye akaja mnunuzi mwingine, huyu hana sanduku wala bambo. Alikuwa amesikia. Akatoa bei ya chini kidogo, pesa mkononi. Susu akamwuliza anayapeleka wapi. "Kwa mashule, Mwaitu. Wanafunzi hawachagui." Alisema akicheka, hata hakuniona nikiwa nimevaa sare karibu na jiko. Sijui ni shule gani aliyokusudia, na sisemi ni yetu. Lakini nilijikuta nikihesabu makonzi. Katika sufuria ya watu mia tatu, ile punje moja inaenda sahani ya nani?

Susu hakumjibu papo hapo. Alimwambia angoje, akaingia ndani, akatoka na sinia kubwa la kupepetea. Akaanza kulimwaga gunia la tatu mbele yake. Juu, mahindi ya kupendeza. Katikati, ya kupendeza. Yalipofika chini, yakaanza kutoka mabonge. Gunia lilikuwa limesimama kwenye sakafu ya udongo, likiegemea ukuta pale paa linapovuja, na hakuna aliyelisogeza tangu mvua ya Januari. Susu akalichukua bonge moja, akalivunja, vumbi la kijani likatoka. Akasema kwa Kikamba maneno ambayo mwalimu mlezi hataniruhusu kuyaandika katika gazeti la Kiswahili. Yule mtu akaondoka.

Wapo watakaosema tungechambua tu, tutupe mabonge na kuuza yaliyobaki. Kuchambua kunapunguza sumu sana, sikatai. Lakini bila kupima tena usingejua umebakisha nini, na aliyekuwa na kipimo alikuwa ameshaenda. Nadhani hapo ndipo serikali ya kaunti ingetufaa. Mwezi wa tatu mwaka wa 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hii, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa sharti la kuwa na cheti cha kuonyesha yako chini ya 10. Cheti kinadaiwa mpakani. Hapa Kangundo gunia linatoka boma moja hadi sufuria ya boma jingine na hakuna anayedai chochote. Kama soko la Tala lingekuwa na bambo moja, mashine ya kusaga na mtu aliyefunzwa, Susu angejua ukweli wa gunia lake kabla ya pikapu kufika, na angejua akiwa bado na muda wa kuyatenganisha.

Na kinga ya shambani ipo, tena jirani. Kule Katumani, hapa hapa Machakos, hutengenezwa Aflasafe, ambayo Kenya iliisajili mwaka wa 2015. Ni mtama uliopakwa ukungu ule ule wa Aspergillus, lakini wa jamii isiyotengeneza sumu. Unamwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo nne kwa ekari, na ukungu mwema unachukua nafasi ya mbaya. Niliposimulia nyumbani, Susu alisema hajawahi kusikia mtu akinunua ukungu.

Gunia la tatu tulilichoma na kulifukia nyuma ya migomba. Mjomba alitengeneza kichanja cha mbao cha kuwekea magunia, futi moja kutoka sakafuni na mbali na ukuta, na chupa ya chumvi iko dirishani pamoja na dawa za Susu. Karo ilipungua kiasi cha gunia moja, kwa hiyo wiki ya tatu ya muhula nilikuwa miongoni mwa waliotumwa nyumbani. Hesabu ya makonzi niliifanyia huko, siku ya Jumatano, nimeketi juu ya kile kichanja kwa sababu kilikuwa bado kitupu.